Kutuliza maumivu ya sungura mwenye matatizo ya tumbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kama sasa hivi sungura wako ana tumbo lililojaa na kukaza kama ngoma, amelegea, na alianza kuumwa ghafla, usisome kwanza. Mpigie daktari wa mifugo, mfunike sungura apate joto, anza safari. Maelezo mengine yanaweza kusubiri.

Nitajuaje kwamba anaumwa tumbo na si kwamba hana hamu tu ya kula?

Sungura huficha maumivu, hivyo usisubiri alie. Tazama anavyokaa. Mwenye maumivu ya tumbo hujikunyata pembeni, macho nusu yamefumba, masikio yamelala nyuma, mashavu yamebonyea. Wengine hugandamiza tumbo sakafuni, wakainuka, wakajinyoosha, wakalala tena, kila baada ya dakika chache. Sikiliza meno pia: sungura anayepapaswa husaga meno taratibu kwa sauti laini, lakini anayeumwa huyasaga kwa mkwaruzo unaosikika hata ukiwa umesimama pembeni.

Dalili nyingine ambayo wengi huipita: anakwenda kwenye chakula, ananusa, kisha anageuka na kuondoka. Huyo ana njaa, ila kitu kinamzuia.

Kisha angalia kinyesi. Vigololi vya sungura mzima vina kipenyo cha karibu sentimita 1, vyote vinalingana na ndani vimejaa nyuzi za nyasi. Vikianza kuwa vidogo, vyeusi, vikavu, vyenye maumbo tofauti, au vimeunganishwa na manyoya, utumbo umepunguza mwendo. Visipotoka kabisa kwa saa 8 hadi 12 na sungura hali chochote, hiyo ni dharura, hata kama bado anatembeatembea.

Kwa nini mnasisitiza sana maumivu? Si atibiwe tumbo kwanza?

Kwa sungura, mambo hayo mawili hayatenganishwi. Maumivu huamsha mishipa ya fahamu na homoni za hofu ambazo hupunguza msukumo wa utumbo. Utumbo ukipunguza mwendo, chakula hukauka, gesi hukusanyika na kuvuta kuta za utumbo, na kuvutwa huko huuma zaidi. Anaacha kula, na bila nyuzi mpya kuingia hakuna kinachousukuma utumbo. Asipokula kwa muda, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini kuliko ini linavyoweza kuyachakata, hasa kwa sungura wanene.

Mzunguko huo hauvunjwi kwa dawa ya kuendesha utumbo peke yake. Sungura aliyepewa maji, chakula na dawa ya utumbo bila kitulizo cha maumivu mara nyingi hukaa vilevile siku nzima. Ukiongeza kitulizo, huanza kutafuna nyasi. Ndiyo maana daktari akikuambia dawa ya maumivu si lazima kwa sungura aliyeacha kula, muulize tena kwa heshima.

Na maumivu yenyewe huenda hayakuanzia tumboni. Magego yaliyorefuka na kuchoma ulimi au shavu, vidonda chini ya nyayo kwa sababu ya sakafu ya waya, mawe kwenye kibofu, vyote humfanya aache kula na utumbo ukasimama baadaye. Tumbo likitibiwa na jino likaachwa, ugonjwa hurudi baada ya wiki mbili tatu.

Nitofautisheje utumbo uliosimama na utumbo ulioziba?

Hili ndilo swali linaloamua kila kitu, kwa sababu baadhi ya mambo yanayomsaidia wa kwanza humuua wa pili.

Utumbo kusimama huja polepole: leo amekula nusu, kesho kinyesi kidogo, keshokutwa hakuna. Ukilipapasa tumbo chini ya mbavu za kushoto unahisi kitu laini kama unga uliokandwa. Joto la mwili mara nyingi bado ni la kawaida.

Kuziba huja ghafla. Asubuhi alikula vizuri, mchana amelala bila nguvu. Kinachoziba mara nyingi ni donge gumu la manyoya, kipande cha zulia, au mbegu kavu iliyovimba. Tumbo la chakula hujaa maji na gesi, nalo haliwezi kujisaidia kwa sababu sungura hatapiki. Masikio huwa ya baridi, ufizi hupauka, joto hushuka.

Ukiwa na shaka, mchukulie kana kwamba ameziba: usimlishe kwa nguvu, usimkande tumbo, usimpe dawa ya kuendesha utumbo. Daktari mwenye kipimo cha sukari cha binadamu anaweza kusaidia kutofautisha, kwani sukari ya damu inayopita milimoli 20 kwa lita huelekeza kwenye kuziba. Picha ya eksirei hutoa jibu bora zaidi.

Nipime joto vipi, na namba zina maana gani?

Tumia kipimajoto cha kidijitali chenye ncha inayopinda, kile cha duka la dawa. Paka mafuta mgando ncha yake. Mkalishe sungura juu ya taulo, ubavu wake ukiegemea tumbo lako, inua mkia na ingiza sentimita 1 hadi 2 tu bila kusukuma. Kama mpo wawili, mmoja ashike mabega na nyonga. Sungura akiruka mateke huku nyuma yake haijashikwa anaweza kuvunjika uti wa mgongo.

Kawaida ni kati ya nyuzi 38.5 na 39.5. Chini ya 38 ni hatari: mpashe joto kabla ya jambo lingine lolote, kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga, upande mmoja tu wa boksi ili aweze kujisogeza. Zaidi ya 40.5 ni joto kupita kiasi, jambo la kawaida Dodoma Oktoba na Novemba kwenye mabanda ya bati. Huyo mpeleke kivulini na mloweshe masikio kwa maji ya kawaida, yasiwe ya barafu.

Usitegemee kushika masikio peke yake. Asubuhi za Juni na Julai, upepo wa Dodoma ukivuma, masikio ya sungura mzima kabisa huwa ya baridi.

Ni dawa gani ya maumivu hutumika?

Inayotumika zaidi kwa matibabu ya nyumbani ni meloksikamu, ya kundi la dawa za kutuliza maumivu na uvimbe zisizo steroidi. Dozi ambazo madaktari hutumia kwa sungura ni kati ya miligramu 0.3 na 1 kwa kila kilo ya uzito, kwa kawaida mara moja kwa siku. Sungura huiondoa mwilini haraka kuliko mbwa, kwa hiyo usitumie bomba (sirinji) lililochorwa uzito wa mbwa linalokuja na chupa. Ukifuata mistari yake utampa kidogo mno. Daktari ndiye aseme namba, wewe ufanye hesabu na kumsomea ahakikishe.

Mfano: sungura wa kilo 2.5, daktari amesema miligramu 0.6 kwa kilo. Hiyo ni miligramu 1.5. Kama dawa ya maji ina miligramu 1.5 kwa mililita, anapewa mililita 1. Kama ulichonacho ni dawa ya sindano ya ng'ombe yenye miligramu 20 kwa mililita, kipimo hichohicho ni mililita 0.075, ambayo huwezi kuipima kwa bomba la mililita 5. Makosa mengi hutokea hapo. Dawa ya ng'ombe lazima daktari mwenyewe aipunguze makali na kukupa ikiwa tayari.

Dawa ya maji ya mbwa isipopatikana, daktari anaweza kuelekeza kidonge cha binadamu cha miligramu 7.5: kinasagwa laini kabisa na kuchanganywa na mililita 5 za maji, kila mililita inakuwa na miligramu 1.5. Meloksikamu haiyeyuki vizuri kwenye maji, inaelea na kutuama, kwa hiyo tikisa kwa nguvu kabla tu ya kuvuta kipimo, na mwaga kinachobaki.

Jambo moja la muda: dawa ya mdomoni huchelewa kufanya kazi kwenye utumbo uliosimama. Dozi ya kwanza ni bora iwe ya sindano kliniki, zinazofuata ndizo za mdomoni.

Kuna wakati meloksikamu haifai?

Upo. Sungura aliyekauka maji, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye kinyesi cheusi cha lami au damu, au mwenye mimba, asipewe kabla daktari hajamwona. Dawa za kundi hili hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na figo zilizokosa maji huumia haraka. Shika ngozi ya mabegani, ivute juu na uiachie: ikichelewa kurudi, maji yatangulie dawa.

Usichanganye mbili za kundi moja. Kliniki nyingi za mifugo zina ketoprofeni na fluniksini kwa ajili ya ng'ombe, na daktari anaweza kumchoma sungura mojawapo, lakini siku hiyo hapewi meloksikamu juu yake. Uliza jina la kila sindano na uliandike.

Na dawa kali zaidi, za jamii ya mofini?

Kwa maumivu makali, hasa gesi nyingi au baada ya upasuaji, buprenofini ndiyo chaguo zuri: miligramu 0.01 hadi 0.05 kwa kilo, sindano, kila saa 6 hadi 12. Dawa hizi hudhibitiwa na sheria na hutolewa na daktari tu, kwa hiyo usishangae kliniki ya mtaani ikizikosa. Wapo wanaoziogopa kwa kuwa hupunguza kidogo mwendo wa utumbo. Ni kweli hupunguza, ila maumivu yasiyotulizwa huusimamisha zaidi.

Nina Panadol na Diclopar nyumbani. Nimpe robo kidonge?

Usimpe. Diclopar ina diklofenaki na parasetamoli kwa pamoja. Piga hesabu ya diklofenaki peke yake: robo ya miligramu 50 ni 12.5, na kwa sungura wa kilo 2.5 hiyo ni miligramu 5 kwa kilo. Mtu wa kilo 70 akimeza kidonge kizima anapata takriban 0.7 kwa kilo. Yaani "robo tu" ni mara saba ya kipimo cha mtu mzima. Matokeo ni vidonda vya tumbo na figo kufa, na huenda usiyaone mpaka siku ya pili au ya tatu. Ibuprofeni ina hatari hizohizo. Panadol Extra ina kafeini ndani yake. Parasetamoli tupu si sumu kali kwa sungura kama ilivyo kwa paka, ila si tiba ya kuanza nayo bila daktari.

Buscopan nayo huombwa sana, kwa kuwa watu wanaijua kwa msokoto wa tumbo. Inafanya kazi kwa kulegeza misuli ya utumbo. Utumbo ambao tayari umesimama hauhitaji kulegezwa zaidi.

Eno, magadi, soda, mafuta ya kula, juisi ya nanasi, mwarobaini?

Eno na magadi hutoa gesi zikikutana na asidi ya tumbo, na sungura hawezi kucheua. Unamwongezea alichonacho. Soda ni gesi na sukari. Mafuta ya kula hayalainishi donge lolote kwa maana ya kusaidia, lakini yakipotea njia yakaingia kwenye mapafu, hatoki salama. Juisi ya nanasi haiyeyushi manyoya, na sukari yake hulisha bakteria wabaya. Manyoya tumboni ni jambo la kawaida kwa mnyama anayejilamba. Huwa donge gumu kwa sababu utumbo umesimama na maji yamekauka. Mwarobaini na shubiri ni chungu, na shubiri huharisha. Achana navyo.

Dawa ya gesi ya watoto wachanga yenye simethikoni haina madhara makubwa na madaktari wengi huiruhusu, mililita 1 ya ile yenye miligramu 40 kwa mililita. Ushahidi kwamba inasaidia ni mdogo. Isikupotezee muda wa kwenda kliniki.

Metoklopramidi inaendesha utumbo. Naweza kuinunua tu?

Ukiendesha utumbo ulioziba unaweza kuupasua. Daktari akishaondoa wasiwasi wa kuziba, hutumia karibu miligramu 0.5 kwa kilo kila saa 8. Si kitulizo cha maumivu na haichukui nafasi yake.

Maji na chakula: kiasi gani, lini?

Baada ya kupashwa joto na kupewa kitulizo, na tumbo likiwa laini. Si kabla.

Sungura anahitaji karibu mililita 100 za maji kwa kilo kwa siku. Wa kilo 2.5 ni robo lita. Weka bakuli zito badala ya chupa ya kunyonya. Mgonjwa hunywa zaidi kwenye bakuli. Mchicha au matembele yaliyooshwa na kuachwa na maji yake humwongezea pia. Aliyekauka sana huchomwa dripu ya ringa laktati chini ya ngozi ya mabega, ikiwa imepashwa vuguvugu.

Chakula cha bomba: saga peleti za sungura ziwe unga, loweka kipimo kimoja kwa vipimo viwili au vitatu vya maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, chuja vipande. Uji wa mahindi au ulezi haufai hata kidogo. Wanga huchachuka na kuongeza gesi. Anza na mililita 5 kwa kilo uone anavyopokea, kisha panda hadi 10 kwa kilo kila mlo, milo mitano kwa siku.

Mfunge taulo, kichwa nje, akae kwa tumbo lake. Kamwe asilazwe chali. Ncha ya bomba iingie pembeni, kwenye pengo nyuma ya meno ya mbele. Sukuma mililita 0.2 au 0.3, subiri atafune na kumeza, ndipo uendelee. Akikohoa au uji ukitoka puani, acha. Dawa ya maumivu hupewa kwa njia hiyohiyo, dakika 30 kabla ya mlo ikiwezekana.

Nimkande tumbo?

Likiwa laini, kwa vidole tu, dakika tano, mara chache kwa siku. Likiwa gumu, usiguse. Kumwachia atembee chumbani kunasaidia zaidi kuliko kumkanda.

Nitegemee kuona nini baada ya dawa?

Ndani ya saa chache baada ya sindano anapaswa kuacha kujikunyata, afungue macho, ajilambe. Kuuma nyasi huja baadaye, na kinyesi baadaye zaidi, mara nyingi saa 12 hadi 24. Vigololi vya kwanza huwa vibaya: vidogo, vikavu, vyenye ute. Hiyo ni habari njema.

Watu huacha dawa hapo, sungura alipouma jani la kwanza. Kesho yake anarudi palepale. Endelea kwa siku ambazo daktari amesema, kwa kawaida 3 hadi 5, mpaka kinyesi kirudi ukubwa wake. Usipoona mabadiliko yoyote ndani ya saa 12, au akizidi kulegea, mrudishe.

Kabla ya kwenda kliniki, niulize nini?

Madaktari wengi wa Dodoma siku zao hupita kwa ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Si kosa lao. Sungura huletwa mara chache. Kabla ya kukodi bodaboda piga simu: Mna meloksikamu? Mna mabomba ya mililita 1? Mna ringa laktati? Mnaweza kupiga eksirei, na kama hapana mnatuelekeza wapi? Mpime uzito nyumbani kwa mizani ya jikoni na umpe daktari namba kamili. "Mkubwa wa wastani" si dozi.

Kataa kwa upole mambo mawili. La kwanza ni antibayotiki za mdomoni za jamii ya amoksilini, ampisilini, klindamaisini au linkomaisini: huua bakteria wema wa utumbo mpana na kuacha wa sumu watawale, na sungura hufa kwa kuhara siku chache baadaye. La pili ni deksamethasoni, dawa ya steroidi ambayo huchomwa kwa mazoea pamoja na sindano nyingine. Kwa sungura hushusha kinga na kuleta vidonda vya tumbo, na haichanganywi na meloksikamu.

Upasuaji wa utumbo ukihitajika, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ipo Morogoro, takriban kilomita 260. Piga simu kabla. Safiri usiku au alfajiri, kwenye tenga au boksi lenye matundu na nyasi ndani, kitulizo kikiwa kimeshatolewa.

Sungura wangu wadogo wamevimba tumbo na wanahara. Niwape meloksikamu?

Hapana. Hao, hasa wa wiki 4 hadi 12, washukiwe koksidia kwanza, yaani vimelea vya utumbo. Wamekauka maji tayari, na meloksikamu itawamalizia figo. Peleka kinyesi kibichi kwenye maabara ya veterinari, tenga wagonjwa, inua sakafu ya banda kinyesi kidondoke chini. Kinachowasaidia ni maji na dawa ya koksidia yenye dozi ya daktari.

Naweza kumchinja aliyekuwa anapewa dawa?

Muulize daktari siku za kusubiri kwa kila dawa aliyotumia. Aliyekufa au aliyekuwa mahututi hafai kuliwa na mtu wala mbwa.

Tufanye nini isijirudie?

Nyasi, nyasi, nyasi. Ziwe angalau asilimia 80 ya anachokula. Shida ya hapa Dodoma ni kiangazi, Mei hadi Novemba, ambapo majani hupotea na watu hugeukia pumba, makoko ya ugali na mahindi. Kata nyasi Februari na Machi zikiwa kijani, zianike kivulini siku mbili tatu, zihifadhi juu ya chaga mahali pakavu. Gunia lenye harufu ya ukungu litupe. Pumba pia zina hatari ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, na Dodoma haihitaji kukumbushwa: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa na Manyara.

Peleti zisizidi gramu 25 kwa kilo ya uzito kwa siku. Majani ya mizabibu anayapenda, ila mashamba mengi hupuliziwa dawa za ukungu, kwa hiyo chuma pale unapojua. Machipukizi ya mtama baada ya kuvuna, au mtama uliodumaa kwa ukame, yana sumu ya sianidi, usimpe. Kabichi na maharage ni gesi.

Chakula kipya kiingizwe kwa siku 7 hadi 10. Mvua za kwanza za Desemba zinapootesha majani laini, watu hujaza banda kwa siku moja, na wiki hiyo ndiyo simu za tumbo huwa nyingi.

Nyumbani niweke nini tayari?

Kipimajoto, mizani, mabomba matatu ya mililita 1 na mawili ya mililita 10 bila sindano zake, pakiti ya peleti safi, mafuta mgando, taulo, na namba mbili za madaktari, kwa sababu mmoja atakuwa Kongwa kwenye chanjo ya ng'ombe. Meloksikamu uliyobakiza usiitumie tena bila kumpigia daktari. Andika kwenye chupa tarehe iliyofunguliwa na makali yake kwa mililita, kwa kuwa chupa mbili zinazofanana zinaweza kutofautiana mara kumi.